Zimwi la Kimo cha Kawaida: Filamu Fupi ya Shinya Tsukamoto na Swali la Rasimu

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu methali hii hutajwa pale ndugu anapomsaliti nduguye au rafiki anapogeuka kuwa mwiba, na kwa hivyo imezoeleka kuwa methali ya mahusiano ya watu. Hata hivyo, ikichukuliwa kwa maana yake ya juu juu, methali yenyewe ni taswira ya kutisha. Mtu anawashwa, anapapasa shati lake, kisha anatambua kuwa adui hakuvuka mpaka wala hakubisha hodi. Alikuwa naye tangu asubuhi. Mnamo mwaka wa 1986, mjini Tokyo, kijana mmoja wa miaka 26 aliishika taswira ya aina hiyo, bila shaka pasi na kuijua methali yenyewe, akaisukuma hatua moja mbele. Katika filamu yake ya dakika 18, kikulacho hakimo nguoni tena. Kimo chini ya ngozi, nacho ni chuma.

Kijana huyo ni Shinya Tsukamoto, na filamu yenyewe inaitwa Futsū Saizu no Kaijin, jina ambalo kwa Kiswahili laweza kufasiriwa kuwa “Zimwi la Kimo cha Kawaida”. Jina hili linastahili kufafanuliwa kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu nusu ya hoja ya msanii imo ndani yake. Neno kaijin limeundwa kwa viambajengo viwili: kai, chenye maana ya jambo la ajabu na la kutia hofu, na jin, yaani mtu. Neno hili lina ndugu yake, kaijū, ambapo kiambajengo cha pili kina maana ya mnyama. Kaijū ndilo neno ambalo Wajapani hulitumia kuwataja majitu wakubwa wa sinema, na mfalme wao ni Gojira, aliyeletwa kwenye skrini na mwongozaji Ishirō Honda mnamo Novemba 1954. Filamu hiyo ilitoka miezi minane tu baada ya jaribio la bomu la haidrojeni la Marekani huko Bikini, Machi 1, 1954, lililowamwagia wavuvi wa chombo cha Kijapani Daigo Fukuryū Maru majivu yenye sumu. Gojira alikuwa na kimo cha mita 50. Aliweza kuonekana kutoka mbali, watu walipata nafasi ya kukimbia, jeshi liliitwa, wanasayansi walishauriana. Kwa ufupi, maafa yake yalikuwa maafa ya taifa zima, nayo yalikabiliwa na taifa zima.

Zimwi la Tsukamoto ni la kimo cha kawaida. Linaenea katika chumba cha kupanga. Linavaa tai na miwani, linasimama kwenye foleni ya treni, na hakuna jeshi linaloweza kuitwa kulikabili kwa kuwa hakuna mtu mwingine anayejua kwamba limefika. Ukubwa wa kitisho katika kazi hii haupimwi kwa mita bali kwa upweke.

Haikuwa bahati nasibu kwamba msanii huyu aliichagua njia ya mazimwi. Tsukamoto alizaliwa Tokyo mwaka wa 1960, naye ni wa kizazi kilicholelewa na televisheni. Alikuwa na umri wa miaka sita wakati mfululizo wa Ultra Q ulipoanza kuonyeshwa mwaka wa 1966 na kuwaingiza mazimwi katika sebule za Wajapani kila wiki. Alipotimiza miaka 14 alipata kamera ya milimita 8 ya babake na kuanza kutengeneza filamu zake mwenyewe. Baadaye alisomea sanaa ya uchoraji katika Chuo Kikuu cha Nihon, kisha akaajiriwa katika kampuni ya kutengeneza matangazo ya biashara. Miaka hiyo ya matangazo si ya kupuuzwa na mhakiki. Mtu anayetengeneza matangazo hujifunza kusema jambo zima kwa sekunde 30, na hujifunza pia jinsi bidhaa inavyopigwa picha ili itamaniwe: chuma king’ae, mwili ung’ae, na vyote viwili vionekane kuwa kitu kimoja. Tsukamoto alipoiacha kazi hiyo na kurejea kwenye sanaa yake, aliunda kikundi cha maigizo na filamu alichokiita Kaijū Theater, yaani Ukumbi wa Majitu wa Baharini. Hivyo basi, chini ya kibao cha majitu wakubwa, kazi ya kwanza ya filamu kutokea ikawa ya jitu mdogo.

Ili kazi hii ieleweke ipasavyo, ni sharti iwekwe katika muktadha wa istilahi mbili za Kijapani. Ya kwanza ni angura. Neno hili lilikopwa kutoka Kiingereza, likakatwa mkia na kutoholewa katika miaka ya 1960 ili kuitaja sanaa iliyofanywa chini kwa chini, nje ya kumbi rasmi. Shūji Terayama alianzisha kikundi chake cha Tenjō Sajiki mwaka wa 1967, na katika mwaka huohuo Jūrō Kara alisimika hema lake jekundu katika uwanja wa hekalu la Hanazono, Shinjuku, akaigizia humo. Mwaka huohuo vilevile ulifunguliwa ukumbi wa Sasori-za, ambao ulikuwa chini ya ardhi hasa, kwenye ghorofa ya chini ya jumba la sinema la Shinjuku Bunka. Istilahi ya pili ni jishu eiga, yaani filamu ya kujitengenezea: kazi inayofanywa kwa fedha za mfukoni, kwa kamera ya nyumbani, kwa usaidizi wa marafiki, bila studio na bila idhini ya yeyote. Tamasha la Pia, lililoanzishwa mwaka wa 1977, ndilo lililozipa kazi za aina hii jukwaa la kudumu. Tsukamoto ni mjukuu wa angura na mtoto wa jishu eiga. Kei Fujiwara, mwigizaji wa kike wa filamu hii, alikuwa amepitia katika kikundi cha Kara. Kwa hivyo ukoo huu si wa kinadharia tu, ni wa watu waliofundishana kazi ana kwa ana.

Msuko wa filamu wenyewe ni mwepesi kiasi cha kuweza kusimuliwa kwa pumzi moja. Mfanyakazi wa ofisini, anayeigizwa na Tomorowo Taguchi, anashambuliwa katika stesheni ya treni na mwanamke ambaye mwili wake umekwisha kuvamiwa na chuma. Ananusurika, lakini ameambukizwa. Chuma kinaanza kuchomoza mwilini mwake. Anapokuwa nyumbani pamoja na mpenzi wake, kiungo chake cha uzazi kinageuka kuwa keekee inayozunguka, na mapenzi yanaishia katika mauti. Hatimaye anatokea yule anayeitwa Yatsu, yaani “jamaa yule”, anayeigizwa na Tsukamoto mwenyewe, na mgeni huyu ndiye anayemkabili mwenyeji kama pacha aliyetangulia kufika kule anakokwenda. Hakuna mganga, hakuna polisi, hakuna mzee wa kutoa busara. Dakika 18 zimekwisha.

Msomaji aliyezoea kupima kazi ya sanaa kwa mizani ya uhalisia anaweza kuuliza kama kuna chochote cha kuhakikiwa hapa zaidi ya karaha. Swali hilo ni la haki, nalo halijibiwi kwa kudai kuwa karaha ni falsafa. Linajibiwa kwa kutazama fani. Sehemu kubwa ya kasi ya filamu hii inatokana na mbinu ambayo Wajapani huiita komadori: kamera inapiga picha moja, inazimwa, mwigizaji anasogezwa kidogo, kamera inapiga picha nyingine. Mbinu hii hutumiwa kwa kawaida kuvitembeza vikaragosi. Tsukamoto anaitumia kwa binadamu. Filamu ya milimita 8 hupita kwa picha 18 au 24 kwa sekunde. Kwa hesabu ya chini kabisa, dakika moja ya mwendo wa aina hii ikipigwa picha moja moja yahitaji picha 1,080. Mwigizaji anayeonekana akiteleza barabarani kwa kasi ya gari alisimama tuli, akasogea, akasimama tena, mara mamia kwa mamia, huku chakavu za vyuma na nyaya zikiwa zimebandikwa mwilini mwake.

Hapa ndipo fani na maudhui yanapokutana kwa namna ambayo mhakiki hana budi kuistahi. Filamu inasema kwamba mwanadamu wa mjini amegeuzwa kuwa kifaa; na ili kulisema hilo, inamgeuza mwigizaji kuwa kifaa. Mtu anachukuliwa kama kikaragosi, anakatwa katika vipande vya muda na kuunganishwa upya kwa kasi isiyokuwa yake. Mtazamaji haelezwi kuhusu mwili ulionyang’anywa mwendo wake. Anauona. Msanii tajiri angekuwa na mashine za kuficha mishono. Msanii huyu hakuwa nazo, na mishono yenyewe ndiyo inayotisha. Mtikisiko wa kila picha unakumbusha kwamba kati ya picha mbili kuna pengo, na kwamba katika pengo hilo mtu halisi alisubiri kuamriwa.

Aidha, tarehe ya kazi hii si jambo la kupitiwa haraka. Mnamo Septemba 1985 mataifa matano yenye uchumi mkubwa yalitia saini Mapatano ya Plaza mjini New York, na thamani ya yeni ikaanza kupanda kwa kasi. Kutoka mwaka wa 1986 bei za ardhi na hisa nchini Japani zilipaa, na kilele cha soko la hisa la Tokyo kilifikiwa siku ya mwisho ya biashara ya mwaka wa 1989. Katika miaka hiyo mfanyakazi wa ofisini, sararīman kama aitwavyo, alikuwa ndiye shujaa wa hadithi rasmi ya taifa: mtu aliyeamka gizani, akasongamana katika treni, akarudi usiku, na kwa jasho lake chuma cha Japani kikauzwa duniani kote. Filamu ya Tsukamoto inamchukua shujaa huyuhuyu na kuuliza swali ambalo hadithi rasmi haikuuliza. Je, chuma hiki chote alichokitengeneza kimeenda wapi? Jibu la filamu ni kwamba kingine kilisafirishwa, na kingine kilibaki, kikaingia mahali palipokuwa wazi.

Ulinganisho na zimwi la ngano za Waswahili unaweza kulifafanua jambo hili kwa msomaji wa huku. Zimwi la ngano hutoka nje. Huja kutoka msituni, hudanganya, humeza watu na mifugo, na ngano nyingi humalizika kwa kupasuliwa kwake ili waliomezwa watoke wazima. Muundo huo una matumaini ndani yake: kilichomezwa hakijapotea, na mpaka kati ya mlaji na mliwa haujafutika. Hata methali ya zimwi likujualo inakiri kwamba kufahamiana kunaacha salio. Katika filamu ya Tsukamoto upasuaji hauna faida, kwa maana hakuna tumbo la kupasuliwa. Mlaji ndiye mliwa. Mwanamume anapojaribu kung’oa chuma mwilini mwake anang’oa nyama yake mwenyewe. Kwa lugha ya uhakiki wa kimuundo, zile jozi pinzani za ndani na nje, mtu na kitu, mgonjwa na ugonjwa, zimeporomoka, na masimulizi hayana tena mahali pa kuliweka suluhisho.

Hapo linajitokeza swali ambalo ndilo kiini cha makala haya. Katika historia za sinema, Futsū Saizu no Kaijin hutajwa kwa kawaida katika sentensi moja, kisha mwandishi huharakisha kufika kwenye Tetsuo. Filamu hiyo ya pili, iliyotoka mwaka wa 1989, ina urefu wa dakika 67, ilipigwa kwa filamu ya milimita 16, inaukuza msuko uleule, na wengi wa waigizaji wake ni walewale. Ilipata tuzo kuu katika tamasha la Fantafestival mjini Roma mwaka huohuo, na ndiyo iliyomfanya Tsukamoto ajulikane nje ya nchi yake. Kwa mtazamo huo, ile ya mwaka wa 1986 ni rasimu tu. Ni jiwe la kukanyagia ili kufika ng’ambo. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Wahakiki wa fasihi wanalijua swali hili kwa sura nyingine. Hadithi fupi imeteseka kwa muda mrefu chini ya dhana kuwa ni riwaya iliyokosa pumzi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vyembamba vilivyouacha uhalisia nyuma, baadhi ya mabishano yaliyozuka yalihusu swali la kama hizo ni riwaya au ni kitu kingine. Urefu hutumiwa kama kipimo cha ukomavu. Kinachosahauliwa ni kwamba utanzu mfupi una kazi zake ambazo utanzu mrefu hauwezi kuzifanya.

Tofauti ya kwanza kati ya filamu hizi mbili ni rangi. Tetsuo ni ya nyeusi na nyeupe, nayo imesifiwa, kwa haki, kwa uzuri wa picha zake. Lakini katika picha isiyo na rangi, ngozi na chuma hugawana kijivu kilekile. Jicho la mtazamaji huwapatanisha mtu na chuma kabla ya hadithi kuwapatanisha; uzuri unatangulia maumivu. Filamu ya mwaka wa 1986 ina rangi, tena rangi ya milimita 8, chafu na yenye chembechembe, ile ambayo familia za wakati huo zilizoea kuiona katika kumbukumbu za sherehe za watoto wao. Humo ngozi inabaki kuwa ngozi na damu inabaki kuwa damu. Chuma kinaonekana kuwa mgeni katika mwili, na kwa sababu hiyo kinauma. Tofauti ya pili ni sauti. Tetsuo inabebwa na muziki wa Chu Ishikawa, mapigo ya vyuma yanayomfanya mtazamaji, atake asitake, ashangilie mageuzi yanayotendeka. Inapofikia mwisho wake, imekuwa karibu kuwa tenzi ya ushindi. Tofauti ya tatu ni muda wenyewe. Kwa dakika 67 jicho linazoea. Linaanza kufurahia ubunifu wa kila zimwi jipya. Dakika 18 hazitoi nafasi ya kuzoea. Mtazamaji anatoka akiwa hajaelewa, kama vile mhusika mwenyewe asivyoelewa.

Kwa hivyo, haifai kusema kuwa Tetsuo ilikikamilisha kile ambacho filamu fupi ilishindwa kukifanya. Ilifanya kitu kingine. Ilipata utukufu na ikaupoteza unyonge. Na unyonge ndio uliokuwa ukweli wa ile ya kwanza.

Historia ya filamu za kujitengenezea nchini Japani ina mifano mingine inayolitilia uzito dai hili. Sogo Ishii, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Nihon, alitengeneza mwaka wa 1976 filamu fupi ya milimita 8 iitwayo Kōkō Dai Panikku, kuhusu mwanafunzi anayeshika bunduki. Mwaka wa 1978 studio ya Nikkatsu ilimpa nafasi ya kuirudia kwa urefu wa sinema, akiongoza pamoja na mwongozaji mzoefu wa studio, na hasira ya filamu ya kwanza ikapoa katika mikono mingi. Kwa upande mwingine, Takashi Shimizu aliandaa mwaka wa 1998 vipande viwili vya dakika chache tu, Katasumi na 4444444444, kwa ajili ya kipindi cha televisheni cha hadithi za kutisha za shuleni. Katika kimojawapo, mvulana anaokota simu inayolia, na namba inayompigia ni ya tarakimu nne tupu. Kwa Kijapani namba nne yaweza kutamkwa shi, kama lilivyo neno la kifo. Kutokana na vipande hivyo ulizaliwa mfululizo wote wa Ju-on, na hatimaye filamu ya Kimarekani ya mwaka wa 2004. Filamu hizo ndefu ziliongeza nyumba, ukoo na chanzo cha laana. Hofu yenyewe ilikuwa imekwisha kupigwa chapa katika zile dakika za kwanza.

Yupo pia msanii ambaye hakutaka kurefusha kamwe. Takashi Ito, mzaliwa wa Fukuoka, alisoma katika Taasisi ya Usanifu ya Kyushu, alikofundisha Toshio Matsumoto, na mwaka wa 1981 alitengeneza Spacy kwa kupiga upya takriban picha tuli 700 za jumba la michezo. Kamera inasogelea picha iliyosimamishwa katika jumba hilo, inaingia ndani yake, na kujikuta katika jumba lilelile. Katika Thunder, ya mwaka wa 1982, yenye dakika tano, uso wa mwanamke anayejifunika na kujifunua kwa viganja unarushwa kwenye kuta za jengo tupu. Hakuna msuko, hakuna damu, na bado kitisho kipo, pengine zaidi. Kumweka Ito kando ya Tsukamoto kunaonyesha kwamba ufupi katika sanaa hii ya chini kwa chini si umaskini pekee. Ito alimwondoa mtu na kuacha jengo liogope. Tsukamoto aliliondoa jengo na kuacha mwili uogope. Wote wawili walijua kwamba hofu ikielezwa sana inakuwa habari.

Hata hivyo, utetezi wowote wa filamu ya Tsukamoto ambao hautamkabili mwanamke aliyemo ndani yake utakuwa utetezi wa nusu. Wanawake katika kazi hii wana nafasi mbili: ya kwanza ni ya mshambuliaji anayeleta maambukizi, ya pili ni ya mpenzi anayeuawa kwa keekee. Mwanamume ndiye anayegeuka, ndiye mwenye safari; wanawake ni mlango wa kuingilia na kizingiti cha kutokea. Mtu anaweza kujibu kwamba filamu inaukejeli uume unaojidhania kuwa mashine, na jibu hilo lina ukweli. Picha ya keekee haiwezi kusomwa kama sifa. Lakini kejeli inayohitaji maiti ya mwanamke ili ieleweke imekopa kitu ambacho haikukilipa.

Deni hilo linaonekana wazi zaidi nje ya hadithi. Kei Fujiwara, anayeonekana katika filamu fupi na anayeuawa akiwa mpenzi katika Tetsuo, alikuwa pia mmoja wa washika kamera wa filamu hiyo ndefu, na nyumba yake ya kupanga ndiyo iliyogeuzwa kuwa mahali pa kazi. Upigaji picha ulijikokota, wasaidizi wakachoka na kuondoka mmoja baada ya mwingine, na wachache waliobaki wakafanya kila kitu. Sanaa ya chini kwa chini hupenda kusimulia umaskini wake kama ushujaa. Ni halali kuuliza ushujaa huo ulilala chini ya paa la nani. Mwaka wa 1996 Fujiwara aliongoza filamu yake mwenyewe, Organ, kazi ngumu kutazamwa, iliyojaa miili inayooza na kuuzwa vipande vipande. Mwenye kuitazama baada ya kazi za Tsukamoto atasikia sauti ya mtu aliyekuwa ndani ya chumba kilekile akiusimulia mwili upya, safari hii bila chuma cha kuupa utukufu.

Kuna kejeli nyingine ambayo hakuna mtunzi angethubutu kuibuni. Tomorowo Taguchi, yule mfanyakazi wa ofisini aliyeliwa na chuma, alichaguliwa na shirika la utangazaji la NHK kuwa msimulizi wa kipindi cha Project X, kilichoonyeshwa kuanzia mwaka wa 2000 hadi 2005. Kipindi hicho kiliwatukuza wahandisi, mafundi na wafanyakazi wasiojulikana ambao walijenga Japani ya baada ya vita: mitambo yake, magari yake, treni zake. Mamilioni ya watazamaji waliifahamu sauti ile yenye utulivu na huzuni kama sauti ya fahari ya taifa. Ni sauti ya mtu yuleyule. Mhakiki hapaswi kuiona kejeli hii kuwa usaliti. Yamkini pande zote mbili zilihitaji sauti moja, kwa kuwa zilihusu kitu kimoja: gharama ya chuma kwa mwili uliokitengeneza. Project X iliisimulia gharama hiyo kama sadaka. Filamu ya dakika 18 iliisimulia kama ugonjwa. Mwenye kuzisikia zote mbili atakuwa karibu zaidi na ukweli kuliko aliyesikia moja.

Njia ambayo Tsukamoto mwenyewe aliifuata baadaye inathibitisha kwamba zimwi lake dogo halikuwa mchezo wa ujana. Mnamo mwaka wa 2014 alipeleka kwenye shindano la Venice filamu yake ya Nobi, iliyotokana na riwaya ya Shōhei Ōoka, mwandishi aliyepigana Ufilipino na kutekwa huko mwaka wa 1945. Kon Ichikawa alikuwa amekwisha kuitengenezea riwaya hiyo filamu mwaka wa 1959. Tsukamoto aliigharimia yake mwenyewe na kuwategemea watu wa kujitolea, akaongoza na kuigiza nafasi ya askari Tamura anayetangatanga kisiwani Leyte kwa njaa, akikaribia kuila nyama ya wenzake. Ilionyeshwa kwa umma nchini Japani mwaka wa 2015, miaka 70 baada ya vita kumalizika. Akiwa na umri wa miaka zaidi ya 50, alikuwa amerudi pale alipoanzia: mfuko mtupu, marafiki wachache, na mwili unaopasuliwa na chuma. Safari hii chuma kilikuwa risasi, na hakuna aliyeweza kudai kuwa ni njozi.

Ukiitazama filamu ya mwaka wa 1986 kutoka kwenye kilima cha Nobi, kile kilichoonekana kuwa rasimu ya Tetsuo kinabadilika sura. Kinakuwa sentensi ya kwanza ya hoja iliyochukua miaka 28 kumalizwa. Tetsuo ilikuwa ufafanuzi mmoja wa sentensi hiyo, Nobi ikawa mwingine, na huenda huu wa pili ndio ulio karibu zaidi nayo, kwa kuwa nao unakataa kuufanya mwili uliovunjika uwe mzuri. Rasimu hukusudiwa kufutwa. Hii haikufutika.

Hapana budi basi kwa anayefundisha au kuhakiki tanzu fupi, ziwe za maandishi au za picha, kujihadhari na pupa ya kuzipima kwa kile kilichokuja baadaye. Kazi ndogo inaweza kuwa kubwa katika jambo lile moja ililolijua. Futsū Saizu no Kaijin ilijua jambo moja. Katika mwaka ambao Japani nzima ilikuwa ikitazama juu, kwenye bei zinazopaa na majumba yanayorefuka, ilimtazama mtu mmoja aliyesimama stesheni akijikuna chini ya shati. Wengine walidhani ni jasho tu. Yeye alikuwa amekwisha kupapasa, na alichokigusa kilikuwa baridi.